Mtaa Uliomnyima Pilipili

Mwenye duka alikuwa nazo. Zilikuwa pale pale mezani, kwenye sahani ya plastiki, nyekundu na za kijani zimechanganywa, na Mzee Cheche alikuwa akizitazama kwa macho yake mawili wakati mwanamke yule akimwambia kwamba zimekwisha.

"Zimekwisha? Na hizo ni nini?"

"Hizo zina mwenyewe, mzee wangu."

"Hata jana zilikuwa na mwenyewe."

"Hajaja kuzichukua." Mwenye duka akaanza kupanga viberiti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Chukua nyanya. Nyanya za leo nzuri."

"Nani kakukataza?"

Mwenye duka hakuwa mtu wa kuweza uongo mrefu. Akaviacha viberiti. "Binti yako kanipitia. Kaniambia nikikuuzia pilipili, siku ukirudishwa hospitali nitakwenda kukuuguza mimi. Sasa mzee wangu, mimi nina duka la kuangalia."

"Pilipili iliyo shamba yakuwashiani?" Mzee Cheche aliuliza. Methali ilikuwa imemtoka vizuri, ila pilipili zenyewe hazikuwa shamba, zilikuwa dukani, na anayewashwa alikuwa yeye.

Akatoka bila nyanya. Akajaribu kwa muuza mboga wa kona, akaambiwa za leo zimeoza. Muuza mayai ya kuchemsha, ambaye hakosi kikopo cha pilipili ya kusaga pembeni, alipomwona kwa mbali alikifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha karata. Mtaa mzima ulikuwa umeapishwa. Na huo ndio mtaa ambao nusu ya mageti yake, na madirisha yake karibu yote, aliyachomelea yeye kwa mkono wake.

Jina la Cheche alipewa na kazi hiyo. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye karakana ya kando ya barabara, miwani myeusi usoni, cheche zikimrukia mpaka fulana zake zote zikawa na vitobo. Alistaafu mikono ingali mizima. Kilichomwangusha ni homa. Ilimlaza siku nyingi, na ilipoondoka iliondoka na vitu vyake viwili, harufu na ladha. Alingoja virudi, havikurudi. Chai ikawa maji ya moto. Maharage yakawa vitu laini. Chumvi aliisikia kwa mbali sana, akitilia maanani.

Hakumwambia mtu. Mkewe alikwisha kufa, na nyumba ilikuwa na watu wawili tu, yeye na binti yake. Binti huyo alikuwa muuzaji katika duka la dawa, na mtaani walimwita Dozi, kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kuulizwa kama amemaliza dozi. Mkali kama nini, lakini mpishi hodari. Kila jioni akishatua sahani mezani alisimama kidogo na kuuliza, "Kimekolea, Baba?" Na kila jioni Mzee Cheche alijibu, "Kimekolea, mwanangu," akatafuna. Angewezaje kumwambia mtoto aliyesimama jikoni baada ya kushinda dukani kwamba kwake yeye wali na karatasi ni ndugu?

Kisha siku moja, kwenye kibanda cha chakula, akapewa kwa makosa sahani ya maharage ya mtu mwingine, yaliyopondewa pilipili. Kijiko cha kwanza tu, kinywa kikaamka. Ulimi ukawaka, midomo ikawaka, masikio yakapata moto, pua ikaanza kuvuja. Alikaa pale akilia machozi kwa furaha. Ladha imekufa, harufu imekufa, lakini huu ulikuwa moto, na moto hauombi ruhusa ya pua. Nani ajuaye moto kuliko mchomeaji?

Basi akavuka mpaka. Alikula pilipili asubuhi, akazila jioni, akazila tumbo likiwa tupu, mpaka alfajiri moja akatapika damu. Aliyeshika beseni ni Dozi. Tabibu akasema ni vidonda vya tumbo, aachane na pilipili mpaka vipone. Vikapona. Tabibu mwenyewe alimwambia, "Mzee, tumbo lako sasa zuri, ila kula kwa kiasi." Lakini aliyeambiwa hivyo alikuwa Mzee Cheche peke yake, na aliporudi nyumbani kulisema, Dozi alimjibu kwa neno moja, "Beseni." Hapo mazungumzo yakaisha. Mimi nasema kila mmoja alikuwa na haki yake, ila tumbo lilikuwa la mmoja.

Siku ile ya kunyimwa na mtaa mzima, alimalizia safari yake kwa rafiki yake mshona viatu, aliyeitwa Soli. Soli alikuwa na kibanda cha mbao mbele ya nyumba, na nyuma ya nyumba bustani ndogo ambamo hoho na pilipili kali zilipandwa kwenye ua mmoja, bega kwa bega, miaka nenda miaka rudi.

"Usiseme," Soli alimwahi, sindano mdomoni. "Binti yako alipita hapa. Aliniapisha mkono wangu ukiwa juu ya kiatu cha watu."

"Na wewe ukaapa."

"Wewe ungemkatalia?"

Mzee Cheche akakaa kwenye kigoda cha wateja. Soli alishona kiatu kile mpaka ncha, akakata uzi kwa meno, akamwangalia mwenzake kwa muda.

"Niliapa sitakupa pilipili," akasema polepole. "Wala mbichi, wala kavu, wala ya kusaga. Alizitaja moja moja, kama yuko dukani kwake."

"Nimesikia."

"Mbegu hakuitaja."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na pilipili zilizokauka. Akazipasua kwa kisu cha ngozi, akakung'utia mbegu kwenye kipande cha ngozi laini, akakikunja, akamkabidhi mwenzake. Maganda akayatia mfukoni mwake mwenyewe. "Kiapo ni kiapo," akasema.

Nyumbani Mzee Cheche alizifungua mbegu zile, akazichambua kwa vidole, kisha akalamba vidole. Zilikuwa na vumbi kidogo la pilipili na vumbi likamchoma ncha ya ulimi. Kidogo tu, lakini lilimchoma. Kwa furaha akasahau, akajifuta jicho. Alisimama bombani muda mrefu, jicho limevimba, akicheka peke yake. Tangu hapo mbegu zile hakuzigusa bila miwani yake ya kuchomelea na glavu za kazi, na jirani aliyechungulia juu ya ukuta alidhani mzee anatengeneza bomu.

Mara ya kwanza alipanda baadhi yake kama anavyochimbia nguzo ya geti. Kidole kizima chini, udongo akaushindilia kwa kisigino. Na ulikuwa msimu wa baridi. Akamwagilia, akangoja, akamwagilia, akangoja. Hakikutoka hata kijani cha kusingizia.

"Ulizipanda au ulizizika?" Soli alimuuliza.

Pilipili, Soli akamweleza, hupenda kufunikwa kidogo tu, na hupenda joto kuliko mtoto mchanga. Aziloweke kwanza kwenye kikombe. Zitakazozama ndizo, zitakazoelea amwage. Kisha azikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, akiweke mahali penye joto usiku na mchana mpaka zitoe mkia mweupe. Mbegu zilizobaki zikiwa bado kwenye ngozi, Mzee Cheche akarudi nyumbani kutafuta joto. Jiko lilikuwa himaya ya Dozi. Mgongo wa friji nao Dozi alikuwa akiufuta vumbi kila Jumamosi. Joto pekee ndani ya nyumba ile ambalo Dozi hakuwa na mamlaka nalo lilikuwa kifua cha baba yake.

Basi akaziatamia. Kitambaa akakitia kwenye kipande cha nailoni, nailoni akaitia mfuko wa shati, juu yake sweta. Alilala chali kama maiti asije akaziponda.

"Baba, shati limelowa. Umemwagikiwa na chai?"

"Jasho."

"Upande mmoja?"

"Ndiko moyo uliko. Unafanya kazi."

Dozi akamtazama kwa lile jicho la dukani, jicho la kumwangalia mteja asiyesema anachoumwa, akaenda zake.

Mikia ikatoka. Asubuhi aliyoiona, midogo, myeupe, imepinda, alikaa kwenye kitanda na kitambaa mapajani. Akatoboa makopo ya maziwa kwa msumari, akayajaza udongo uliochanganywa na samadi, akalaza kila mbegu juu juu na kuinyunyizia udongo kwa vidole viwili. Vyuma chakavu alivyokuwa navyo chini ya kitanda akatengenezea meza ya kuyapanga makopo. Kuku wa jirani alipodonoa mche wa kwanza uliochomoza, Mzee Cheche akatengeneza na kizimba cha wavu, chenye mlango, bawaba na komeo. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alikuwa ametengeneza geti.

Hapo ndipo Dozi alipouliza. "Hizi ni nini, Baba?"

"Hoho."

Uongo ulimtoka bila kujikwaa. Na kwani miche ya hoho na ya pilipili mtu ataitofautisha vipi? Ni mtu na ndugu yake. Dozi aliinama, akaiangalia miche kwa muda mrefu, akatabasamu tabasamu ambalo baba yake alikuwa amelisahau. "Hoho nzuri," akasema. "Haina madhara. Nilikuwa naogopa utakaa humu ndani mpaka ushike kutu." Kesho yake akarudi kutoka kazini na kopo jipya la kumwagilia, la bati, lenye kichwa cha vitundu. Roho ilimsuta mzee, lakini si kiasi cha kumsimamisha. Tumbo langu, alijiambia. Kinywa changu. Miaka yangu iliyobaki.

Kwa kulipenda kopo lile alimwagilia kupita kiasi. Miche kadhaa ikalala, shingo zake zimelegea pale penye udongo kana kwamba imekatwa kwa wembe. Akalilaumu kopo, kisha akajilaumu yeye. Kuanzia hapo maji yakawa ya asubuhi tu, na haba. Iliyosalimika ikanenepa. Baridi ilipokwisha akaihamishia ardhini nyuma ya nyumba, mmoja karibu na tangi la maji, mingine kwenye mstari chini ya kamba ya nguo.

Wa tangini ulitangulia kuzaa. Vilikuwa vitu vyembamba vyenye ncha, vikitazama juu.

"Hoho zako mbona nyembamba?" Dozi aliuliza, akianika mashuka.

"Aina ya kisasa."

"Mbona zinaangalia juu?"

"Zina kiburi."

Zikaiva, nyekundu, zinang'aa. Mzee Cheche hakuchuma hata moja mpaka Dozi alipokuwa kazini mchana wa Jumamosi. Alitaka kufanya mambo kwa utaratibu. Akachemsha kiazi, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa kando ya tangi, akachuma pilipili iliyoiva kuliko zote, akaifuta kwa shati. Akang'ata nusu nzima.

Akatafuna.

Akangoja. Akatafuna tena, akaviringisha ulimini, akaziponda mbegu kwa magego, maana moto wa pilipili hujificha karibu nazo. Kitu chepesi chenye maji kilipita kooni mwake. Hakuna kilichowaka. Akachuma ya pili kutoka kwenye mti ule ule, akaimaliza yote na kikonyo. Hakuna.

Ndoo ile ilikuwa chini yake lakini hakuisikia. Kwa hiyo ndio imefika, akawaza. Homa ilichukua viwili ikaacha kimoja, na sasa imerudi kukifuata. Miezi yote ile ya kuatamia, ya kulala chali, ya kumdanganya mtoto wake, kumbe kinywa kilikuwa kikifa taratibu na yeye hajui. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo hata siku ya beseni. Mtu atakula nini miaka yote iliyobaki, na atajuaje kwamba anakula?

Aliposikia geti la mbele angeweza kuvitupa vile vipande nyuma ya tangi. Muda alikuwa nao. Hakuvitupa. Dozi alimkuta amekaa, kiazi baridi mapajani, kipande chekundu mkononi.

"Baba, vipi? Mbona umekaa hivyo?"

"Onja hii."

"Hoho imekomaa?" Akaichukua, akaigeuza, na uso wake ukabadilika. "Hii si hoho."

"Si hoho. Ni pilipili. Nilikudanganya tangu kwenye kopo. Onja, uniambie inawasha au haiwashi."

"Kwa hiyo umenifanya mjinga." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo sauti yake ya hatari. "Nimekununulia mpaka na kopo la kumwagilia. Nimezunguka mtaa mzima nikiwabembeleza watu kama chizi. Unataka nishike beseni mara ngapi?"

"Utanigombeza baadaye. Onja kwanza."

"Sionji. Kama unayo mdomoni wewe, mimi nionje ya nini?"

"Kwa sababu mimi sijui!" Na Mzee Cheche hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akaishusha. "Sijui kitu, mwanangu. Tangu ile homa. Sinusi, sionji. Wali wako, maharage yako, supu yako, vyote kwangu ni kitu kimoja. Kilichobaki kilikuwa hiki, kuwashwa basi. Na leo nimekula mbili nzima, sijawashwa."

Dozi alisimama na kile kipande. Nguo za jirani zilipigwapigwa na upepo upande wa pili wa ukuta.

"Kila siku nakuuliza kimekolea," akasema.

"Najua."

"Na kila siku unasema kimekolea."

"Ningekuambiaje?"

Dozi alikitia kile kipande mdomoni, akatafuna, macho yake kwa baba yake, akameza. "Haiwashi," akasema. "Baba, hii haiwashi hata kidogo. Ni tamu kama hoho."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei huruma, nimekukasirikia. Haiwashi."

Mzee Cheche akatikisa kichwa. Mtu aliyesema kimekolea kwa miaka anaujua uongo wa mapenzi ulivyo, na hakuona sababu ya kumwamini mwanawe aliyerithi pua yake na ukaidi wake. Dozi aliliona hilo usoni mwake. Akageuka, akaenda mpaka chini ya kamba ya nguo, akachuma moja kutoka kwenye mti wa kwanza wa mstari, ambao nao ulikuwa umeanza kuzaa, akang'ata kwa hasira kama mtu anayekata uzi.

Alikohoa, akainama, akashika magoti. Machozi yakamchuruzika, pua ikavuja, akawa anapepea ulimi kwa mkono na kukanyagakanyaga chini. Machozi kama yale mtu hawezi kuyaigiza, hata kwa kumpenda babaye.

Na hapo Mzee Cheche akaukumbuka ua wa Soli, hoho na pilipili bega kwa bega, nyuki wakibeba chavua kutoka ua hili la mmea kuingia lile miaka nenda miaka rudi. Mbegu zile zilikuwa watoto wa ndugu wawili. Mmoja hutoka mkali, mwingine hutoka mpole, na huwezi kumjua mpaka azae. Mti wa tangini aliusingizia kuwa ni hoho, nao ukaenda ukawa hoho kweli. Akaanza kucheka, akacheka mpaka ndoo ikapinduka.

Hakumwomba Dozi ruhusa. Aliinuka, akapita mbele yake, akauendea mti ule ule wa kwanza wa mstari, akachuma yake. Dozi alikuwa bado ameinama, lakini aliweza kunyoosha kiganja. "Baba. Acha."

"Daktari alisema nimepona. Nilikuambia, ukanijibu kwa beseni."

"Niliiona damu, wewe ulikuwa umefumba macho."

"Najua uliiona. Na nitakula kwa kiasi, na baada ya chakula, si tumbo tupu. Hiyo nakuahidi. Lakini nitakula, mwanangu. Ukiung'oa mti huu nitaatamia mbegu nyingine."

Aliing'ata mbele ya macho yake. Nusu sekunde ya hofu, halafu ule moto ukafika. Ulianzia ncha ya ulimi, ukapanda kwenye fizi, ukaingia masikioni. Mzee Cheche alifumba macho. Kinywa chake kilikuwa hai. Wakasimama wawili wale nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo, wakivuta kamasi na kulia, na jirani aliyechungulia juu ya ukuta alidhani wamefiwa.

Jioni Dozi alipika kama kawaida. Akatua sahani, na kando yake akatua kisahani kidogo chenye pilipili moja, moja tu, ameikata mwenyewe kwa mkasi wa dukani. Akasimama. Mdomo ukafunguka kwa mazoea, ukafungika, akashika ukingo wa meza.

"Sijui kukuuliza nini sasa," akasema.

Mzee Cheche akachukua kijiko, akachanganya, akala vijiko kadhaa kwanza kama alivyoahidi, kisha akakifikia kisahani. Paji la uso likaanza kumetameta.

"Uliza kama kinawasha."

"Kinawasha, Baba?"

"Kinawasha," akasema, na huo haukuwa uongo. Kisha akaisukuma sahani mbele, jambo ambalo hakulifanya tangu ile homa. "Niongeze."